Bibi Bado Anaumwa

“Pina, mpelekee Bibi kahawa yake kabla haijapoa.”

“Mama, Marthen yuko njiani. Leo ndiyo siku uliyosema utampa jibu.”

“Marthen atafika kwa miguu yake. Bibi hawezi kuja jikoni kujimiminia.”

Nikachukua kikombe. Nikapanda ngazi za tongkonan, nyumba yetu ya ukoo, nikaingia chumba cha nyuma alikolala Bibi. Nikaweka kahawa karibu na kichwa chake, nikaondoa ile ya asubuhi, ambayo kama kawaida haikuguswa.

Haikuguswa kwa sababu Bibi alikata roho mwaka juzi.

Sisemi kwa dharau. Kwetu Toraja mtu hafi siku anayokata roho. Siku hiyo anaanza kuumwa. Anadungwa dawa ya kumhifadhi, analazwa chumbani, na sisi tunaendelea kumsalimia, kumpelekea chakula na kumwambia nani kajifungua, mpaka ukoo wote ukusanyike na nyati wachinjwe. Hapo ndipo anaitwa marehemu. Mchungaji akija kusali nyumbani, anabisha hodi kwa Bibi pia. Nimekulia humo na sina shida nayo. Shida yangu ni moja tu: nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo haifanyi harusi. Kilio kwanza, sherehe baadaye. Na kilio cha Bibi kilikuwa hakipangwi.

Kila nilipouliza, jibu lilikuwa lilelile.

“Subira, mwanangu.”

Subira ndiyo urithi wa nyumba yetu. Bibi alibatizwa akiwa msichana, wa kwanza katika nyumba hii, na katika matunda yote ya Roho alichagua hilo moja akalishika kwa mikono miwili. Alimlea Mama kwa subira, na Mama akanilea mimi kwa subira. Nililia njaa, nikaambiwa subira, hatujaomba. Nililia viatu, subira. Nilipolia kuolewa, subira. Nimemwomba Mungu miaka mingi anipe na mimi, akanipa hasira.

“Hodi hapa.”

“Karibu, mwanangu,” Mama akaitikia kutoka jikoni. “Anza kwa Bibi.”

Kana kwamba Marthen alihitaji kuambiwa. Alikuwa ameshavua viatu. Akapita mbele yangu na kifurushi mkononi, akanikonyeza, akaingia chumba cha nyuma na kuketi sakafuni.

“Shikamoo, Bibi. Umeamkaje leo? Huko bondeni mvua imetupiga, mpunga wote umelala. Nimekuletea biskuti za ufuta, zile laini.”

Nikasimama mlangoni nimekunja mikono. Mwanaume huyu anaongea na Bibi vizuri kuliko anavyoongea na mimi. Anafundisha shule ya msingi ya kanisa, na Jumapili anafundisha watoto nyimbo, hajawahi kumpandishia mtu sauti tangu nimjue. Nilimpenda kwa hilo. Hilohilo ndilo lililokuwa likinipandisha presha.

Tukaketi mkekani watatu, Mama na mfuko wake wa tambuu mapajani.

“Mama,” Marthen akaanza, “bodi ya shule zetu imenihamisha. Wamenipanga Nabire. Naondoka Agosti.”

Mkono wa Mama ukasimama juu ya tambuu.

“Nabire ya Papua?”

“Ndiyo, Mama. Mwenye mke anapewa nyumba. Asiye na mke analala bwenini na wenzake, na kurudi huku si jambo la kila mwaka. Ndiyo maana nimekuja kuomba, kama ukoo utakubali, kilio cha Bibi kiwe likizo hii ya Julai. Watu wa mbali watapata nafasi. Kisha sisi tufunge ndoa kabla sijaondoka.”

“Mjomba Allo hajapata ruhusa kazini.”

“Hata mwaka jana ulisema hajapata,” nikadakia.

“Bandari ya Makassar si shamba lake kwamba ataondoka akijisikia.”

“Bandari gani hiyo isiyotoa likizo mwaka wa pili sasa?”

“Pina. Subira.”

“Hapana, sawa, Mama,” Marthen akasema kwa upole wake. “Sisi tunaelewa.”

Nikageuka nikamtazama. Sisi nani?

Nilimsindikiza mpaka chini ya ghala la mpunga, pale Mama asipoweza kusikia, nikamkamata mkono wa shati.

“Wewe na nani mnaelewa?”

“Ulitaka nimfokee mama yako?”

“Nilitaka ugonge meza.”

“Tulikaa kwenye mkeka, Pina.”

“Ungegonga mkeka.”

Akacheka. Mimi sikucheka, basi akaacha.

“Sikiliza,” akasema. “Na kwangu hali si nzuri. Mama yangu amechoka. Juzi ametaja binti wa mzee wa kanisa kule Makale. Eti alileta chakula kanisani, kila mtu akakisifu.”

“Alileta nini?”

“Sikula.”

“Nimekuuliza alileta nini.”

“Pa’piong. Kuku ndani ya mwanzi.”

“Na hukula.”

“Nilionja.”

Nikamwachia shati. Akanishika mkono yeye sasa, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Mimi simtaki binti wa Makale. Ninakutaka wewe. Lakini nikipanda meli peke yangu mwezi wa nane, sijui itakuwaje. Wewe huku, mimi kule, mtandao unakuja na kuondoka. Nimeona watu waliopendana kutushinda wakizoea kukaa mbali. Naogopa tutazoea, Pina. Hicho tu ndicho ninachokiogopa.”

“Kamwambie Mama hivyo hivyo ulivyoniambia mimi.”

“Nitamwambia. Nipe muda kidogo.”

Muda. Nikaondoka nikamwacha hapo. Kabla jua halijazama simu yangu ikalia.

“Umetulia? Usigombane na Mama.”

Nikamjibu: “Sigombani. Nasubiri. Si ndiyo kazi ya nyumba hii.”

Kesho yake, tulipotoka kanisani, Mama alibaki na akina mama wenzake kupanga ibada ya wiki. Mimi nikaketi nyuma ya kanisa, nikampigia Mjomba Allo. Mjomba ni kaka mkubwa wa Mama, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kilio cha Bibi. Sikuwahi kumpigia kwa jambo hilo, maana mtoto haulizi. Lakini heshima yangu ilikuwa imeisha jana yake, alipotajwa yule kuku wa Makale.

“Mjomba, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Bibi anaendeleaje?”

“Yupo, anaumwa tu. Mjomba, nakuuliza kwa adabu. Ni lini utapata ruhusa kazini?”

“Ruhusa gani?”

“Ya kuja kwenye kilio cha Bibi.”

Nilisikia honi za malori nyuma yake.

“Pina, mimi niko tayari tangu Krismasi ya mwaka jana. Nyati wapo, wanakula tu wananenepa. Ndugu zetu wa Balikpapan wananipigia kila mwezi kuniuliza. Nawaambia tumsubiri Mama Pina.”

“Umsubiri Mama kwa lipi?”

“Si wewe? Mama yako amesema hutaki kuolewa bado. Kwamba Marthen anakuharakisha, na wewe unaogopa kusema, kwa hiyo tuvute muda. Nikasema sawa, mtoto asilazimishwe.” Kisha akauliza taratibu, “Siyo hivyo?”

Nilishukuru, nikakata simu, nikatembea mpaka nyumbani bila mwavuli na mvua inanyesha.

Mama alirudi akanikuta uani nakatakata majani ya viazi ya nguruwe. Akachukua kisu cha pili, akaketi karibu yangu, tukakata.

“Mbona umeloa?”

“Nimeongea na Mjomba.”

Kisu chake hakikusimama. Kiliendelea, ila polepole.

“Amesema yuko tayari tangu Krismasi, Mama. Amesema mimi ndiye sitaki kuolewa. Hizo habari nani kampa?”

“Huyo Allo naye, hasikii vizuri siku hizi.”

“Mama.”

“Mambo ya kilio si ya kukimbilia. Kuna ukoo, kuna...”

“Umenidanganya mimi, ukamdanganya na kaka yako. Mimi unaniambia Mjomba hana ruhusa. Mjomba unamwambia mimi sitaki mume. Na Jumapili unasimama mbele ya kanisa unawafundisha kina mama wadogo subira. Subira gani hiyo ya uongo?”

“Punguza sauti. Bibi anasikia.”

Sijui niseme nini kuhusu lililofuata. Nilikuwa nimeloa, nimechoka, na neno hilo la Bibi anasikia lilinifika mahali pabaya.

“Hasikii, Mama. Bibi amekufa. Amekufa tangu mwaka juzi, na wewe unajua amekufa.”

Katika nyumba yetu neno hilo halikuwa limetamkwa. Si na daktari, si na Mchungaji, si na watoto wakicheza. Nikaliona linamwingia Mama usoni. Akaweka kisu chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akakausha kidole kimoja kimoja kwa kanga yake.

“Mwambie Marthen aende zake Nabire,” akasema. “Asitafute mke katika nyumba ambayo mtoto anamuua bibi yake kwa mdomo.”

Akapanda ngazi. Nikamsikia chumba cha nyuma akimwomba Bibi radhi kwa niaba yangu.

Wiki hiyo Mama hakunisemesha. Alimpelekea Bibi kahawa mwenyewe. Wakati wa kula aliomba, akashukuru kwa wali, kwa mboga, kwa majirani, akaniruka mimi. Nikitoka jikoni yeye anaingia, nikiingia yeye anakumbuka nguruwe. Nilimwomba radhi mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba mara ya pili, akasema, “Mwombe uliyemkosea.” Nikaenda nikapiga magoti kwa Bibi, nikasema samahani, na nilimaanisha, maana Bibi sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa na ugomvi na huyu aliyekuwa hai.

Marthen nilimwandikia yote, mpaka neno nililolitamka. Jibu lake lilichelewa sana, nikadhani na yeye amekasirika.

“Jumamosi nitakuja kama kawaida,” aliandika. “Ila siji kwako wala kwa Mama. Nakuja kwa Bibi.”

Nikarusha simu kitandani. Hata kuachana nako alitaka tuachane kwa utaratibu.

Jumamosi alasiri akabisha hodi. Mama alikuwa chumba cha mbele anachambua mchele. Akamwonyesha mlango wa chumba cha nyuma kwa kidevu bila kuinua uso. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Kati ya chumba cha mbele na cha Bibi kuna ukuta wa mbao tu, mbao za zamani zenye nyufa, kila kitu kinapita.

“Shikamoo, Bibi,” nikamsikia Marthen. “Leo sijaleta biskuti. Nimekuja mikono mitupu, unisamehe.”

Sakafu ikalia, akasogea karibu.

“Nimekuja kuaga. Mama Pina amesema niende zangu, na mimi siwezi kuchukua mtoto wa watu kwa kuiba. Kabla hujaanza kuumwa uliniambia, Marthen, mtoto huyu ana moto, usiuzime, wewe kaa karibu uote. Nimekaa karibu, Bibi. Nimeota. Sijui Nabire nitaota nini.”

Mchele ukaacha kulia kwenye ungo wa Mama.

“Kila siku nikija hapa nasema naelewa. Leo nakwambia wewe ukweli kwa kuwa wewe hutanisema kwa watu. Sielewi. Nimechoka kuelewa. Ninasema naelewa kwa sababu namwogopa Mama Pina, na kwa sababu nimelelewa kwamba anayelalamika hana imani. Basi leo nalalamika. Nalalamika kwako, na Mungu akisikia ni sawa. Ninampenda huyu msichana hata akinifokea. Na mtu ananiambia nisubiri, hasemi nasubiri nini.”

Sauti yake ikakatika. Alipoirudisha ilikuwa ndogo.

“Nikirudi sijui kama nitakukuta. Sijui kama nitamkuta Pina. Nipe ruhusa, Bibi, niende.”

Kisha akasubiri. Mtu akimuaga mkubwa hasimami mpaka aruhusiwe, ndivyo tulivyofundishwa. Hata pale, jamani, mbele ya mgonjwa wa namna ile, Marthen alikaa palepale akasubiri ruhusa. Nililia kwenye zile ngazi na wakati huohuo nilitaka kwenda kumtikisa.

Ndipo ikaja sauti ya Mama kutoka upande wa pili wa mbao.

“Hajakuruhusu.”

Akagonga ule ukuta.

“Umenisikia, Marthen? Bibi hajakuruhusu. Kaa hapo hapo. Pina, na wewe ingia, nimekuona tangu mwanzo.”

Mama akaingia na ungo wake wa mchele mkononi, akauweka chini, akaketi upande wa kichwa cha Bibi. Aliirekebisha shuka ambayo haikuwa na kasoro. Alipoanza, alimwangalia Bibi, si sisi.

“Kulikuwa na kijana anaitwa Rombe,” akasema. “Kabla ya baba yako, Pina. Alikuja kwa huyu Mama yangu, akaketi hapo ulipoketi wewe, Marthen. Mama akamwambia subira. Akasubiri. Mimi nikasubiri. Kila mavuno Mama ana sababu. Mara mpunga, mara Allo hajamaliza chuo, mara maombi bado hayajajibiwa. Na mimi sikuwa na mdomo kama wa huyu. Nikiambiwa subira, nasubiri, na watu wanasema binti yule ana Roho. Siku moja Rombe akapanda meli kwenda Sorong, hukohuko Papua. Hakuja kuaga. Mimi habari nilizipata kanisani.”

“Mama, hujawahi kuniambia,” nikasema.

“Ningekuambia ili iweje? Baba yako nilimpenda, usinielewe vibaya. Nilimpenda na nilimzika. Lakini Rombe sikumzika wala sikumuaga.” Akafuta pua. “Huyu Mama aliniomba radhi akiwa mzee. Tulikuwa tunaanua kahawa pale nje. Akaniambia, nilikuwa naogopa kubaki peke yangu, mwanangu, nikaipa hofu yangu jina zuri. Nikamsamehe. Nikaapa sitamfanyia hivyo mtoto wangu.”

Akaniangalia sasa.

“Kisha yeye akaanza kuumwa. Na wewe ulikuwa umeshaniletea Marthen. Nikahesabu kichwani, kilio kikipita na harusi inapita. Bibi anatoka kwa mlango huu, wewe unatoka kwa mlango ule, msimu mmoja. Nikaamka asubuhi nikamdanganya Allo. Nikasema wiki hii tu. Nilipoona imekubali, nikaendelea. Na kila ukiniuliza neno linakuja lenyewe mdomoni, kama alivyolitoa yeye.”

Nilikuwa nimebeba hasira wiki nzima, nimeyapanga maneno yote. Sikuona pa kuyaweka. Lakini mimi ni mimi, siwezi kukaa kimya kabisa.

“Mama, unakumbuka Bibi alivyokuwa akikausha kahawa?”

“Namkumbuka.”

“Alikuwa anasubiri kuliko watu wote. Majirani wanaanua, yeye bado. Lakini kila asubuhi anachukua punje anaiuma. Siku ikilia kwenye jino, anaanua hapohapo, hata kama ni Jumapili na kengele imelia. Alinichapa siku niliyosema tuache mpaka kesho. Subira ya Bibi ilikuwa na jino, Mama. Hii yetu haiumi kitu.”

Mama akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, kicheko kibaya cha mtu aliyezuia muda mrefu.

“Alikuchapa kweli,” akasema. “Nakumbuka ulivyolia.”

“Mama,” Marthen akasema kwa sauti ya chini, “ukija Nabire na sisi...”

“Na nguruwe atalisha nani? Acha upuuzi.” Akanyoosha mkono. “Pina, nipe simu yangu.”

Nikampa. Akamtafuta Mjomba, sauti ikitoka nje kwa spika, maana hajui kuizima. Ikaita.

“Dada?”

“Allo. Nimekudanganya. Pina anataka kuolewa, anataka kuliko kula. Mimi ndiye nilikuwa sitaki.”

“Nilishaanza kuhisi,” Mjomba akasema. “Basi tusemeje?”

Mama akaweka kiganja kwenye paji la uso la Bibi. Mdomo wake ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena.

“Njoo nyumbani,” akasema. “Mama amefariki.”

Mjomba Allo alilijua hilo tangu mwaka juzi. Alikuja wakati ule, alimvisha kwa mikono yake. Lakini pale kwenye simu mzee yule wa bandari alilia kwa sauti mpaka akaja mtu kumuuliza kuna nini, na tukamsikia akimjibu, “Mama yangu. Mama yangu amefariki.”

Mama hakumwambia subira. Alimwacha alie mpaka akamaliza.

Kilio kilifanyika Julai. Ukoo ulikuja kutoka kila upande, watu ambao sikujua ni ndugu zangu wakalala mpaka kwenye ghala. Asubuhi ya kwanza wazee walipomgeuza Bibi, kichwa kikaelekea kusini kama anavyolazwa marehemu, Mama ndiye aliyeshika bega la kulia. Jioni aliniita jikoni akanipa kikombe.

“Kahawa ya Bibi,” nikasema kwa mazoea.

“Ya kwako. Unywe, umechoka.”

Mama yake Marthen alikuja na kundi lake, akakaa siku zote za kilio, akaosha vyombo. Yule binti wa Makale alikuja pia, akaleta kuku ndani ya mwanzi. Nilimwonja huyo kuku. Alikuwa mtamu, sitasema uongo mbele za Mungu.

Harusi ikawa Agosti, wiki ya Marthen kuondoka. Mchungaji Herlina alipanda mimbarani, akatutazama kwa upendo, akafungua mikono.

“Wapendwa,” akasema, “nyumba hii imetufundisha sote jambo moja kubwa. Subira. Nikiwatazama vijana hawa...”

Nikafumba macho. Marthen akanibana kidole. Ndipo kutoka benchi la mbele nikasikia mtu akikohoa, akisimama, na nguo mpya ikichakarika.

“Samahani, Mchungaji,” Mama akasema. “Hilo wamekwisha kulisikia. Naomba uende kwenye viapo.”

Kanisa zima likaangua kicheko, Mjomba Allo kuliko wote. Mchungaji akafunua kurasa kadhaa kwa pamoja, akaenda kwenye viapo. Marthen alijibu kabla hajamaliza kuulizwa. Ni mara ya kwanza nimemwona ana haraka, na kilikuwa kitu kizuri kukiangalia.

Sasa tuko Nabire. Mtandao unakuja na kuondoka, kama alivyosema. Ukiwepo, Mama anapiga kila Jumapili baada ya ibada. Ananipa habari za nguruwe, za kahawa, za nani kaugua ugonjwa wa kweli na nani kaugua ule wetu. Chumba cha nyuma amekipangisha kwa mwalimu mpya wa shule ya zamani ya Marthen, msichana mwoga anayeshindwa kulala peke yake, na sasa analalamika kwamba msichana huyo anaongea sana. Nasikia kabisa kwamba anafurahi.

Jumapili iliyopita alimaliza habari zote, nikajua linakuja.

“Na mjukuu?”

“Mama, hata mwaka haujaisha.”

“Nimeuliza tu. Mama Marthen naye anauliza. Mchungaji anauliza. Lini?”

Nikamtazama Marthen. Alikuwa anamenya viazi, akainua kichwa, akaelewa nataka kusema nini, akaanza kutikisa kichwa kunikataza.

“Subira, Mama,” nikasema.

Nikadhani mtandao umekata.

“Pina,” akasema mwishowe, “kumbe neno hili linaudhi namna hii.”